Mama Hodi Ataka Neno Lake Lifutwe

Saa kumi na mbili kasorobo, ukungu umeikalia Kitandililo, na Hulda Mgaya yuko kwenye mlango wa tatu tangu aamke. Miguuni ana viatu vya marehemu mumewe, kavijaza matambara kwenye ncha ili visimtoke.

"Hodi humu. Kamwene," anaita.

"Kamwene. Nani mwenzetu?"

"Ni mimi. Lukas kaamka?"

"Anatafuta kaptula."

"Aitafute haraka. Jana alifika wenzake wamekwisha kufanya hesabu."

Mwenye nyumba anatokeza kichwa kumkaribisha motoni, lakini anakuta mgongo tu. Hulda ameshavuka kijito na yuko kwa jirani. Mwandishi wa habari hizi, ambaye si mzee, alimfuata asubuhi hiyo ya Alhamisi akihema kama ng'ombe wa plau.

Mama huyu wa miaka arobaini na mitatu ameajiriwa na Serikali ya Wenyeji tangu Julai mwaka jana, 1954. Kwenye barua yake ya kazi anaitwa Mtembelea Nyumba za Wanafunzi. Watoto wameliona jina hilo refu mno, wakamwita Mama Hodi, na sasa hata jumbe humwita hivyo.

Kazi yenyewe ni ya majaribio ya mwaka mmoja, kwa mshahara wa shilingi arobaini na tano kwa mwezi. Wakubwa walichoka kuona watoto wakitoroka, wakipigana, wakiiba mahindi ya shule, kisha wakianguka mtihani wa darasa la nne. Wakasema badala ya kungoja mtoto aharibike ndipo achapwe, atafutwe mtu wa kubisha hodi mapema na kuuliza kulikoni.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mwaka juzi, shule moja iliyo njia ya kuendea Makambako ilikuwa na watoto arobaini na wanne wa darasa la nne, na kumi na tisa hawakuuona mtihani. Baba zao wengi wako mkonge huko Tanga, manamba, na mtoto wa manamba ndiye mchungaji, ndiye mpasua kuni, ndiye baba mdogo wa nyumba.

Daftari la Hulda lina majina thelathini na manane. Thelathini na mmoja bado wako darasani. Mtu mwingine angejisifu, lakini yeye ukimtajia hesabu hiyo anakunja uso.

"Usinihesabie waliobaki," alisema, huku akikwangua tope kwenye soli kwa kijiti. "Mmoja nilimtoa mimi mwenyewe. Kwa kalamu yangu. Kesho naenda Njombe kusema hivyo mbele ya Kamati ya Elimu, na tangu Jumapili silali, silali kabisa."

Mtoto huyo ni Priska, wa miaka kumi na miwili, binti wa Juliana, wa familia ya Kikatoliki inayokaa mwisho kabisa wa Kitandililo ambako mianzi ni mingi kuliko nyumba. Baba yake aliondoka na lori la manamba miaka miwili iliyopita, akaandika barua mara mbili, kisha kimya.

Ilikuwa Februari. Mwalimu mkuu, Hezekia, alimkuta Priska amelala usingizi wa kukoroma katikati ya somo la Kiswahili. Alipomwamsha, mtoto akamjibu ovyo mbele ya darasa zima, kisha akatapika dawatini. Harufu ilijaa chumba.

Mwalimu Hezekia ni mtu wa haki, lakini subira alinyimwa. Akamwita Hulda. Hulda akamchukua mtoto nje, akamwuliza amekunywa nini.

"Mtogwa," akajibu Priska.

"Wa mahindi?"

"Wa mianzi."

Basi. Hulda akafungua daftari akaandika: Amekiri kunywa pombe. Mlevi. Na kanuni ya shule inajulikana, mwanafunzi mlevi hufutwa. Kabla ya kengele ya mchana Priska alikuwa njiani kurudi kwao, kibao chake cha kuandikia kichwani.

Hapo msomaji wa Njombe ameshashika kichwa, na ana haki. Mtoto yeyote wa nchi hii anajua kwamba ulanzi unaotoka kwenye mwanzi sasa hivi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto wa kunyonya hulambishwa. Ukilala ndipo unapochacha, na ukichacha hasa ndipo unaitwa mkangafu, ambao huangusha wanaume. Hakuna anayeviita vitu hivyo viwili kwa jina moja.

Hakuna, isipokuwa Hulda. Amezaliwa na kukulia uwanja wa misheni, Ilembula, binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Kwao ulanzi haukutajwa, seuze kuonjwa. Kwake yeye kila kitokacho kwenye mwanzi kilikuwa pombe, yakaisha.

"Watu hawaamini," anasema. "Mbena mzima, sijui mtogwa. Lakini baba alikuwa akiona mbeta, kikombe cha ulanzi, njiani anaipiga teke. Ningemwuliza nani?"

Alikuja kujua wiki tatu baadaye, na ni mvua iliyomjulisha. Ilimkamata karibu na kwa Juliana, mvua ile ya Machi isiyo na huruma, akakimbilia barazani kwa mama ambaye mtoto wake alimfukuzisha. Juliana hakumfukuza. Alimpa kigoda, akamwekea mbeta mbele yake, kikombe cha mwanzi kimejaa.

"Kunywa, Mama Hodi. Umelowa."

"Sinywi pombe, Mama Priska. Unajua."

"Na mimi sikukupa pombe. Onja, halafu uniambie mwanangu alilewa nini."

Hulda akaonja. Anakiri alitarajia kuungua koo. Kilikuwa kitamu kama maji ya muwa. Akanywa tena, na tena, hadi akaona kitako cha mbeta, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nilijisikia mtu mbaya," alisema. "Sikuwa na pa kuyaweka macho."

Ndipo Juliana akamweleza yaliyobaki, pole pole, kama mtu anayemfundisha mgeni. Mwanzi unaogemwa hukatwa ncha kidogo alfajiri, na tena jioni, na mbeta hufungwa hapo kukinga kinachotoka. Ukiruka siku, unakauka, na msimu wake umekwisha. Juliana ana mianzi ishirini na mitatu, na mguu mmoja uliovimba tangu uzazi wa mwisho. Mtoto wa kiume hana. Priska ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi kugema, peke yake, na akificha, kwa sababu kugema ni kazi ya wanaume na wasichana wenzake wangemcheka.

Nyumbani hapakuwa na uji. Mtoto alikunywa kilichokuwemo ndani ya mbeta, akakimbia shule maili tatu. Na kilichokuwemo, hapo ndipo penye ugumu, kilikuwa kimelala humo tangu jioni. Hakikuwa mkangafu. Hakikuwa mtogwa pia.

"Kwa hiyo kichwa kilimzunguka, ndiyo," anasema Hulda. "Siwezi kuidanganya Kamati. Lakini mlevi ni mtu anayetafuta pombe. Huyu alitafuta chakula akakosa. Mimi niliandika kilichoingia tumboni, sikuuliza kwa nini tumbo lilikuwa tupu. Na kuuliza ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Jioni ileile alikwenda kwa Mwalimu Hezekia. Mwalimu alisikitika kweli, lakini mikono yake ilikuwa imefungwa: jina limeshafutwa na karatasi imeshakwenda Njombe. Mtoto hawezi kurudi ila kwa Kamati ya Elimu. Asiporudi hana mtihani wa darasa la nne, na asiye na mtihani huo haijui shule ya kati.

Ijumaa Hulda alipanda lori la magome ya miti ya miwati kutoka Makambako, akakaa juu ya magome njia nzima hadi Njombe. Hakukaa kwa maana ya kukaa. Alisimama, akachuchumaa, akafungua daftari, akalifunga, mpaka utingo akamwuliza kama amekalia siafu.

Nje ya nyumba ya baraza alimkuta Anania, karani wa Kamati, kijana msafi mwenye kalamu mbili mfukoni. Anania anamtakia mema, na alimvuta pembeni.

"Mama, usiseme umekosea. Omba huruma tu. Sema mtoto ametubu, apewe nafasi. Watakubali kabla ya chai."

"Na neno langu?"

"Litabaki kwenye karatasi. Nani atalisoma?"

"Shule ya kati watalisoma. Mwanangu, ungempokea msichana aliyeandikwa mlevi?"

Anania alisema jingine, na ndilo lililomchoma. "Mwezi wa sita wanaamua juu ya kazi yako. Ukisema daftari lako limekosea, watasema lote ni bure. Wale thelathini na mmoja utawaacha na nani?"

Hulda anasema alizunguka nyumba ya baraza mara tatu. Kuna wakati alitaka kurudi barabarani atafute lori. Aliwaza juu ya Lukas na kaptula yake, na wengine wa namna hiyo, kila mmoja na mlango wake. Akawaza na juu ya Priska. Alipoitwa, alikuwa bado hajajua atasema nini.

Mwenyekiti, Mzee Abrahamu, alimwamkia vizuri, akamwuliza haja yake.

"Nimekuja kujishtaki, baba," akasema Hulda. Akaeleza yote, mpaka na ile mbeta aliyoinywa hadi chini. Wazee wawili walicheka. Mzee Abrahamu hakucheka.

"Mama, kama daftari hili limekosea kwa mtoto mmoja, tutajuaje halikukosea kwa wengine?"

"Hamtajua, baba, mpaka muwaulize. Nami sikumwuliza. Nawaomba mfute neno, na muandike kwamba kosa ni langu, ili mtu asije akadhani mtoto amesamehewa ulevi. Hakuna ulevi wa kusamehe."

"Unajua jambo hili litasomwa mwezi wa sita?"

"Najua."

Walimtoa nje. Alingoja tangu saa nne mpaka saa nane, hakula, akikwaruza ardhi kwa kisigino hadi akatoboa shimo. Walipomwita tena, Anania alisoma bila kuinua macho: neno mlevi limefutwa, Priska arudi darasani Jumatatu, kosa limeandikwa kwa jina la mwajiriwa. Na kazi ya Mtembelea Nyumba, baada ya Juni, itatangazwa upya kwa mtu aliyemaliza darasa la nane.

Hulda alisoma hadi la tatu.

Alishukuru, akatoka, akalia nyuma ya nyumba ya baraza kama watu wanavyolia, kwa sauti. Kisha akanawa uso, akatafuta lori.

Wengine wangeimalizia hadithi hapo, mtoto karudi, mama kajitoa, mwisho mwema. Tusidanganyane. Jumatatu kengele ililia na Priska hakuonekana.

Mwalimu Hezekia alimtazama Hulda. Hulda alivuta matambara ndani ya viatu, akashika njia ya maili tatu, mwandishi nyuma yake.

Walimkuta msichana kati ya mianzi, kavaa sare iliyofuliwa, kisu mkononi. Alikuwa amefika mwanzi wa kumi na tatu. Juliana amekaa chini na mguu wake ameunyoosha, na aibu imemjaa usoni.

"Alitaka kwenda, Mama Hodi. Mimi ndiye niliyemzuia. Ikikauka hii tutakula nini mpaka mahindi ya Juni?"

Karatasi ilikuwa imefutwa Njombe, lakini mianzi ilikuwa bado ishirini na mitatu.

"Leta kisu," Hulda alimwambia Priska.

"Mama?"

"Leta, uende. Mwalimu anakungoja. Njiani kuna uji kwa mama yake Lukas, nimeshamwambia, kila siku utapita pale."

Priska alimpa kisu, lakini hakuondoka mara moja. Alimshika mkono mtu mzima yule na kumwonyesha. "Si hivyo, mama. Nyembamba, kama ganda la kitunguu. Ukikata sana unaua." Kisha akakimbia, daftari kwapani, akapotea kwenye ukungu.

Mwanzi wa kwanza Hulda aliuua papo hapo. Juliana alipiga ukelele, halafu akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Wa pili ulinusurika.

Tangu siku hiyo binti huyu wa mzee wa kanisa hugema ulanzi wa jirani Mkatoliki kila alfajiri kabla ya kubisha hodi popote, na tena jioni. Anafika shuleni akinukia mianzi. Habari zimekwisha kufika usharikani, na Jumapili iliyopita ameambiwa wazee wanataka kumwona.

Mwandishi alimwuliza atawaambia nini.

"Ukweli. Na kama kati yao yuko mwenye nafasi ya kugema alfajiri, nitampa kisu." Alikuwa akizungumza huku anatembea, haraka, mwandishi akimkimbilia. "Mianzi inakauka mwezi wa tano. Kazi yangu inakwisha wa sita. Mtihani ni Novemba. Hapo katikati sina barua ya kazi ya mtu yeyote, na mguu wa Juliana haujapona."

"Utafanyaje?"

Alikuwa amefika mlangoni kwa watu. Aliinua mkono agonge, akasita kidogo.

"Nimemwuliza Priska hivyohivyo jana," akasema. "Ameniambia akifaulu atasoma mpaka la nane, aombe yeye kazi yangu. Basi mpaka Novemba yule mtoto halali darasani. Hilo tu ndilo ninalolijua."

Akagonga.