Jina la Baba Katika Sala ya Bibi

Mwezi uliopita mchungaji wetu alitufundisha namna ya kuimarisha maisha ya sala, kisha akatuagiza kila mmoja afumbe macho na kuomba kwa sauti. Kanisa zima likavuma. Mimi nilibaki nimefunga mdomo, na mama mmoja pembeni yangu akanigusa kwa kiwiko akidhani nimesinzia. Sikusinzia, rafiki yangu. Nilikuwa mtaani Kyebando, enzi za utawala wa kijeshi, mtoto wa shule ya msingi, nikimsikiliza bibi.

Tulipanga vyumba viwili katika safu ya vyumba vilivyoshikamana, ambavyo kuta zake hazikufika kwenye paa. Jirani akikaanga vitunguu, sisi tunameza mate. Bibi, mama yake baba, alikuwa mlokole wa kale, wa wale walioungama hadharani hata ndizi walizoiba utotoni, na kwake sala ya kimyakimya ilikuwa sala ya mtu mwenye la kuficha. Kila alfajiri, kabla ya kufagia ua na kumenya matoke, tulipiga magoti mkekani naye akaanza: shukrani kwanza, halafu wengine kwa majina yao, sisi wenyewe mwisho. "Mungu haambiwi 'wale wote'," alisema. "Taja jina." Basi alitaja mpaka muuza maziwa. Magoti yaliuma, chai ya tangawizi ikapoa, nasi watoto tukafinyana tukingojea amina.

Halafu baba akachukuliwa. Alikuwa fundi kiwandani, upande wa Bugolobi. Watu wa usalama waliovaa miwani ya giza walimtia kwenye buti la gari mchana kweupe, wenzake wakitazama. Mama alibeba chakula hadi lango la gereza la Luzira, akaambiwa hayumo, akarudi nacho, tukakila kimepoa. Hivyo hivyo wiki hata wiki. Sukari iliadimika, sabuni ndiyo usiseme, lakini jina la baba halikuadimika nyumbani kwetu. Bibi alilipaza mpaka mabati yakaitika: "Bwana, mrudishe mwanangu! Waaibishe waliomchukua!"

Nyuma ya ukuta mmoja alikaa askari na mkewe. Asubuhi moja yule mke alikuja na bakuli la sukari alilolifunika kwa kitambaa, akachuchumaa mlangoni. Alisema kile Kiswahili cha kambini, ambacho sisi watoto tukikisikia tulikimbilia uvunguni.

"Jjajja," alimwambia bibi, kama wote walivyomwita mtaani, "bwana yangu nasikia ile maombi yako. Jana nauliza mimi, huyo muzee nataka nani aibishwe? Mimi nasema wewe iko mugonjwa ya kichwa. Omba ndani ya roho tu, Jjajja. Mungu nasikia."

Bibi alipiga magoti na kulipokea lile bakuli kwa mikono miwili, yeye mkubwa akimpigia magoti mdogo.

Kuanzia kesho yake tuliomba kimya. Bibi aliteseka. Midomo ilicheza, jasho likamtoka, na mara neno lilimponyoka akaziba mdomo kwa kiganja. Polepole alizoea, hata akasema zamani alikuwa hampi Mungu nafasi ya kusema. Huenda alikua katika sala, sijui. Mimi niliichukia sala ile. Kanisa letu haliombei wafu; mtu akifa, jina lake linatoka katika maombi. Ndiyo kusema siku bibi atakapoacha kumtaja baba, baba amekufa. Na sasa nilikuwa nimepiga magoti kando yake bila kujua kama bado anamtaja. Nilimkodolea macho kila alfajiri nikilitafuta jina lile midomoni mwake. Siku moja nilipoinua uso nikamwona mama naye anatazama huko huko. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mwaka wa vita vya kuung'oa utawala ule, mizinga ilifika mjini na askari wakakimbia. Jirani yetu aliondoka na godoro kichwani, hata kuaga hakuaga. Asubuhi iliyofuata, huku nje watu wakishangilia na kupora maduka, bibi alitandika mkeka, akakohoa, akaomba kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa imechakaa. Alishukuru. Akamtaja yule mke wa askari, Mungu amfikishe salama aendako. Akamtaja muuza maziwa, kisha mama, kisha sisi watoto mmoja mmoja. Tukangoja. Akasema amina.

Mama hakuinuka. "Na yeye?" akauliza.

"Nililiacha jina lake tangu mvua za mwaka jana, mwanangu," bibi alisema. "Nilikosa sauti ya kuwaambia."

Hapo ndipo mama alipoangua kilio cha msiba, na majirani wachache waliobaki wakaja kutupa pole.

Vyumba vile vimebomolewa, bibi tumemzika kijijini kwao, na kaburi la baba la kupalilia sina. Watu huniambia niombe zaidi, nitapata amani. Naomba. Ila nikifika mahali pa majina nasitasita, maana mpaka leo sijui kama bibi alimwacha baba kwa sababu Mungu alimwambia, au kwa sababu alichoka.