Wakili wa Mama Générose

Mama Générose, mushonaji wa nguo hapa Kalemie, alikwenda kwanza kwa wakili mumoja mupole. Huyo alimuuliza kama kweli anataka kuachana na Papa Floribert, ama anataka tu bwana amuheshimu. Générose akakasirika, akasema hakuja kwa padri. Akamuchukua wakili mwenye sauti kubwa.

Siku ya kesi, tribinali ilijaa. Wakili wake akatangaza kwamba Floribert hulia usingizini tangu vita. Watu wakacheka. Générose alikuwa amemuambia hilo ndani ya biro ya huyo wakili, wawili tu.

Wakili wa Floribert akasimama kujibu. Floribert akamushika mukono, akamukalisha.

Nyumba akapewa Générose. Anashonea mule peke yake.

“Siri zangu Floribert anazijua zote,” huniambia, “na hakusema hata moja.”