Pikapu ya Nadine Yanyamazishwa

Wanaume wa milima ya Arkansas wana tabia moja ambayo mpaka leo sijaielewa. Wakinunua pikapu hawatulii mpaka wamelikata bomba lake la moshi. Kuna kopo pale chini ya gari, lenye masega ya kuchuja moshi. Wao hulitoa kwa msumeno, wakachomelea bomba tupu mahali pake, kisha wakasimama uani na glasi za chai ya barafu kulisikiliza gari linavyonguruma. Kule kwao hakuna wa kukagua. Verlon Pruitt alilikata la kwake wikendi ileile aliyoliingiza gari nyumbani, akalitupa nyuma ya banda la kuku.

Haya nilisimuliwa na mkewe, Nadine. Mimi naitwa Delfina, ni mtunzaji katika nyumba ya wazee hapa Bakersfield, Kalifornia. Naogesha, nalisha, nageuza, natukanwa, narudi kesho. Verlon aliletwa kwetu akili ilipoanza kumtoka, kwa kuwa binti yao pekee, Tammie, anaishi mji huu. Nadine aliendesha ile pikapu kutoka Arkansas mpaka hapa, mume pembeni yake, vitu vyao nyuma chini ya turubai.

Sura ya mkewe Verlon alishaisahau. Nadine akiingia kwa miguu, mzee alimsalimia kwa adabu ya mgeni, basi. Lakini masikio yalikuwa bado yake. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, mguu wake ulikuwa mbovu, na Nadine ndiye aliyekuwa akimfuata jioni kwa ile pikapu. Verlon aliisikia tangu darajani, akaanza kunawa mikono. Hata hapa kwetu ilikuwa hivyohivyo. Gari likikata kona ya barabara kuu, vikombe vinatetemeka mezani, wazee wengine wanalaani, naye Verlon anainuka.

"Huyo anakuja," ananiambia. "Binti, nipishe ninawe. Mke wangu hapendi kusubiri."

Na Nadine akiingia ngurumo ingali masikioni mwa mzee, Verlon alimjua. Alimwita jina lake, akamshika kiuno, akamuuliza kama maharage yamewekwa jikoni. Ilidumu kwa muda mfupi, kisha macho yalififia tena. Nadine aliishi kwa ajili ya muda huo mfupi. Sisemi kwa kupamba; nilimwona mwenyewe, siku nzima yake ilielekea hapo.

Sasa sikiliza upumbavu wa watu wema. Siku moja trafiki alimsimamisha. Kijana yule akaona namba za Arkansas, akaona bibi kizee mwenye nywele nyeupe, akamfungulia mlango wa kutokea. "Mama, uko matembezini, siyo?"

Mtu yeyote mwenye akili angesema ndiyo, maana gari la mpita njia halisajiliwi hapa. Nadine, mtu wa kanisa tangu tumboni, akajibu, "Hapana, baba. Tumehamia moja kwa moja."

Basi. Akapewa onyo: asajili gari hapa, na ili alisajili lazima lipimwe moshi. Nilipomsikia nilimaka.

"Dada, ulimi wako una deni gani? Si ungenyamaza tu!"

"Aliniuliza, Delfina. Nimdanganye mtoto wa watu?"

"Ungemdanganya kidogo."

"Uongo hauna kidogo," akasema, akanikatia kipande cha mkate wa mahindi kama vile ndio mwisho wa maneno.

Tulikwenda pamoja kwa fundi wa kupima moshi, Baljit, Mpunjabi mwenye kilemba cha buluu na mdomo usiokoma. Pikapu ilipoingia uani kwake akaziba masikio. "Mama, umeniletea gari au helikopta?" Akainama chini yake na tochi. Alipotoka hakuwa akicheka tena. "Masega yako wapi?"

"Nyuma ya banda la kuku," Nadine akasema.

"Banda lipi?"

"La Arkansas."

Baljit akanitazama mimi, nami nikatazama pembeni. Akaeleza taratibu: bila masega gari halipiti, hata kama moshi wake ungenukia waridi. Bomba la Verlon litolewe lote, liwekwe kopo jipya lililoidhinishwa na jimbo hili, na silensa nzima. Vinginevyo lisiguse barabara.

"Na sauti yake?" Nadine akauliza.

"Utafurahi, Mama! Halitasikika kabisa. Litapumua kama mtoto mchanga."

Nadine alikaa kwenye kiti cha plastiki pale gereji, mkoba magotini. Nikamwelezea Baljit habari za Verlon. Fundi akavuta ndevu zake. Alitaka kusaidia, Mungu amlipe, akawaza kwa sauti mabomba ya namna hii na ile, kisha akatikisa kichwa. "Dada, masega yenyewe ndiyo yanayomeza ile ngurumo. Siwezi kuyaweka na kuyatoa kwa wakati mmoja."

Ningependa kuitukana sheria ile, na nilikuwa tayari. Lakini mjukuu wangu anavuta dawa ya pumu asubuhi na jioni. Bonde letu hili hewa yake ni mbovu. Kuna siku milima ya pale huioni, na shule zinawazuia watoto kucheza nje. Nimtukane nani? Nilikasirika tu, bila wa kumkasirikia.

Tammie, yule binti, alitaka pikapu iuzwe. "Mama, ni chuma chakavu. Nitakuwa nakuleta mimi." Nadine akamwambia, "Ukinileta kwa gari lako, baba yako atakuwa anapokea wageni wawili." Tammie alikwenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Huyo naye ni mtoto wa Verlon, na jina lake lilisahauliwa mapema kuliko la mama yake.

Mimi nikaleta ujanja wangu. Nikairekodi ngurumo kwenye simu, nikaipiga karibu na sikio la Verlon. Akanitazama kwa huruma. "Binti, zima hicho kitu. Nitamsikiaje mke wangu na makelele hayo?"

Nadine angeweza kuendelea kuendesha vilevile na kuombea asikamatwe. Nilimshauri hivyo, tena si mara moja. Akaniambia alishaambiwa, na aliyeambiwa hana pa kujificha. Halafu akasema: "Na nikikamatwa gari likachukuliwa, nani atakuja kumwona?"

Siku moja kabla ya kulipeleka gari kwa Baljit, alilizunguka jengo letu nalo polepole, akarudia, akarudia tena. Verlon alinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana. Alipoingia, mzee alimjua kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alimwimbia wimbo wa kanisani, akakosea maneno, wakacheka wote wawili. Mimi nilikwenda kukunja mashuka ambayo yalikuwa yameshakunjwa.

Gari lilipita kwenye kipimo bila kasoro. Baljit hakutangaza kwa furaha. Alimkabidhi funguo kwa mikono miwili, akamfungulia mlango.

Nilikuwa chumbani kwa Verlon mchana huo, nikimkata kucha. Dirishani niliiona pikapu ikiingia kwenye maegesho, namba mpya mbele, kimya kabisa. Verlon alikuwa akitazama nje kwa dirisha lilelile na hakuona kitu. Nadine aliingia amevaa gauni lake la Jumapili, nywele amezitengeneza, na manukato ambayo alikuwa ameacha kuyatumia siku nyingi. Akavuta kiti kilicho karibu na mumewe, akaketi.

"Verlon, ni mimi."

Mzee akamsalimia vizuri. Akamsifia gauni. Kisha akaanza kuhangaika, akatazama mlango, akatazama barabara, na mwishowe akamwinamia kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mgeni.

"Samahani sana, mama. Hicho kiti ni cha mke wangu. Yuko njiani anakuja."

Nadine akamwomba radhi, akainuka, akaja kusimama huku ukutani nilipokuwa mimi.