Matambara Juu ya Milango

Coleta ni mtu wa Milepa, kule bondeni kwenye joto, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja anasafisha jengo la maduka la mzee Clemens hapa Sumbawanga mjini. Kila siku ina kazi yake. Jumatatu mifereji, Jumatano vyoo. Jumamosi anachukua mti mrefu na kuzibua matundu ya hewa juu ya milango, maana Juni ikifika wapangaji huyaziba kwa matambara, wakajifungia ndani na jiko la mkaa, na hewa ya mkaa huua. Upepo wa Ufipa haumbembelezi mtu.

Jumamosi moja alipofika na mti wake, Kasimiri fundi simu alimzuia.

"Mama Coleta, hewa hiyo unamwingizia nani? Panya?"

Wapangaji wakacheka. Kristiana, fundi cherehani wa chumba cha mwisho, akasema kwa upole, "Mama, tuhurumie wiki hii tu. Vidole vinakufa ganzi, sindano haishikiki."

Coleta akavitazama vidole vya yule binti. Akaondoka na mti wake bila kugusa kitu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuwa anakokoa taka za mferejini alipoona cherehani ya Kristiana imenyamaza. Akajiambia, ameenda kunywa chai. Lakini viatu vyake vipo mlangoni.

"Kristiana!"

Akagonga.

"We Kristiana, mwanangu!"

Akasukuma mlango. Umekomewa kwa ndani. Alipoinama kwenye upenyo wa chini, joto la mkaa likampiga usoni. Ni mimi, akawaza. Nimeua mtoto wa watu kwa kuogopa kuchekwa.

"Kasimiri! Njoo uvunje!"

"Kuna nini, mama?"

"Vunja, usiniulize!"

Teke la tatu likang'oa komeo. Kristiana alikuwa amelalia cherehani, shavu juu ya sketi ya shule aliyokuwa anaishona. Wakamburuta hadi uani. Coleta akampigapiga mashavu, akamwita kwa Kifipa, akamwita kwa Kiswahili. Akaweka sikio kifuani pake, akasikia moyo unadunda kwa nguvu, asijue ni wa nani.

Halafu Kristiana akakohoa. Akatapika.

"Mama... kichwa kinapasuka."

"Tapika, mwanangu. Tapika tu."

Kasimiri akakimbia kuita bajaji, akampakia, wakaenda hospitali. Hakusema neno la mzaha.

Coleta alitaka kukaa chini alie kidogo. Akainua macho kwenye korido. Milango saba imefungwa, kila mmoja na tambara lake juu. Nyuma ya mmoja redio inaimba. Nyuma ya mingine hasikii kitu.

Hofu ikamrudia upya. Akaburuta stuli, akapanda, akaanza kuyanyofoa matambara kwa mikono.

"Nani huyo? Baridi, bwana!" mtu akafoka ndani.

"Toka nje," Coleta alisema. "Toka na jiko lako. Nataka nikuone umesimama."