Ukuta wa Povu, Isebania

Mirumbe alikuwa mchoraji wa maandishi ya madukani, na Isebania nzima hapakuwa na bucha wala kinyozi asiyemjua. Kwa hiyo mwaka 1996, bwana wa matangazo alipotoka Nairobi na kukodi ukuta wa duka la Noordin, ule unaotazama Tanzania, hakuhangaika kutafuta mchoraji mwingine. Kampuni yake iliuza sabuni, nayo ilitaka Wakenya waache kuvuka mpaka kununua miche ya sabuni ya upande wa pili. Maneno alikuja nayo kwenye karatasi:

MKENYA HASA HAOMBI POVU KWA JIRANI.

Mirumbe aliyachora kwa herufi zenye kimo cha mtu, bendera kila pembe, na chini akatia jina lake, maana kazi ilimpendeza. Hakukumbuka kwamba wiki hiyohiyo wazee wa Sirari, upande wa Tanzania, wangepita hapo wakienda bomani kwa kina Mirumbe kukagua ng'ombe wa mahari ya mchumba wake. Mkuria hatoi binti kwa ng'ombe wa kusimuliwa; sharti awaone, awashike nundu, akatae mmoja wawili. Binti mwenyewe alikuwa Bhoke, na bila kibali cha baba yake, Mzee Gichana, hapangekuwa na harusi.

Gichana alifika, ng'ombe hata hakuwatazama.

"Wewe ndiye Mirumbe wa ukutani?"

"Ndimi, baba mkwe."

"Sijawa mkwe wa mtu bado. Kumbe povu letu hulitaki, ila binti yetu unamtaka."

Wazee wenzake walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mirumbe hakucheka.

"Mzee, maneno ni ya Nairobi. Yangu ni rangi tu."

"Basi lete hiyo rangi. Mimi pia nina ukuta, na unatazama Kenya. Ikikauka, ndipo nitatazama ng'ombe."

Kesho yake Mirumbe alivuka mpaka na ngazi begani. Maofisa wa forodha wa pande zote mbili waliacha meza zao wakamfuata, na soko likawafuata wao. Gichana aliketi kitini akimsomea neno kwa neno: MTANZANIA HASA HUMPA JIRANI POVU, NA BINTI JUU.

Bhoke akatoka ndani, mikono kiunoni, akasoma.

"Na binti juu? Baba, mimi ni nyongeza ya sukari?"

"Utani tu, mama."

"Utani mzuri. Mirumbe, futa."

Mirumbe, juu ya ngazi, rangi ikimdondokea kiatuni, alimtazama mzee. Mzee akautazama umati, akajua ameshindwa nyumbani kwake. Bhoke akaagiza mwenyewe:

MTANZANIA HASA HAMNYIMI JIRANI. AJE NA NG'OMBE.

Vigelegele vilianzia Sirari, Isebania ikaitikia. Wiki nzima watu walivuka huku na huku kusoma ukuta wa wenzao, na kila aliyevuka alinunua sabuni ya pale alipojikuta.

Jumamosi Gichana alirudi bomani, akawashika nundu ng'ombe kumi na wawili, akamkataa mmoja aliyevunjika pembe. Waliobaki walivuka saa nne asubuhi. Askari wa zamu aliinua kizuizi, na badala ya kuuliza karatasi, akauliza harusi ni lini.