Kamba ya DNA ya Mahindi na Maharage

Ilianza Alhamisi, saa nane na nusu mchana, mwalimu wetu wa baiolojia alipotumwagia mezani mbegu alizoloweka: mahindi ya njano ya msaada, yale yanayouzwa sokoni kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, maharage, karanga na buni. Kila kundi litunge kwa sindano na uzi kamba mbili za DNA ya mycoplasma, yule bakteria mdogo kupita wenzake, asiye na ukuta wa seli, anayeleta homa ya mapafu ya ng'ombe. Mahindi ni A, maharage T, karanga G, buni C. Hindi litazamane na harage, karanga na buni. Kundi litakalopatia litakwenda kesho yake Ngara mjini kuonyesha shule nyingine.

Nilitaka sana kwenda. Lakini mimi ni mtu wa haya. Darasani hujibu moyoni.

Kiongozi wa kundi letu, msichana ambaye kaka yake hupimia wakimbizi mgao wa chakula kambini, akashika kopo. Mahindi kopo, maharage kopo, karanga kopo, buni kopo, kila moja akalipangusa juu kwa kiganja. Hakuna aliyeuliza. Miaka hii sote tumeizoea haki hiyo, kopo lililopanguswa. Tukatunga kwa furaha, na kamba zilikuwa zimefika katikati nilipokumbuka somo la Jumatatu.

"Karanga zimezidi," nikasema. "Na buni pia."

Kiongozi akanitazama, kisha akawageukia wengine. "Jamani, bubu kanena. Dada, hapa hatumpunji mtu."

"DNA si mgao. Huyu mdudu G na C zake ukizijumlisha ni kama robo tu. Kwingine kote ni A na T."

Akaniuliza kama niko tayari kubeba lawama tukikosa safari. Nikasema niko tayari. Basi tukafumua. Karanga tulizochomoa alizitafuna yeye mwenyewe, amenuna.

Mwalimu alipita meza hadi meza. Kote mbegu za kila aina zilikuwa sawasawa, kopo kwa kopo. Kwetu akasimama, akazivuta kamba karibu na dirisha, akauliza nani amepunguza karanga. Vidole vyote vikanielekea mimi. Nikasimama nikaeleza, akasema nirudie, walio nyuma hawajasikia. Nikarudia kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo.

"Ngara linakwenda kundi hili," akasema. "Na msemaji ni huyu."

Kiongozi akanipiga bega. "Bubu wetu huyu, kesho atatumalizia maneno yote."

Njia nzima ya kurudi kijijini kwetu Ntobeye nilikuwa nahutubia migomba.

Kesho yake asubuhi, Ngara mjini, ukumbi ulijaa wanafunzi nisiowajua. Sikungoja kuitwa. Nilipanda kwenye benchi, nikainua kamba zetu juu ya vichwa vyao, nikaanza kusema.