Nguzo Moja kwa Siku

Sisi tuliokulia kando ya reli enzi zile, neno mazoezi tulilisikia shuleni tu, na hata huko lilikuwa na jina lake: mchakamchaka. Jua halijapanda, mwalimu wa zamu amesimama na fimbo yake, na sisi tunalizunguka shamba la shule peku kwa nyimbo, vumbi la Kaliua limetupaka hadi magotini. Hakuna aliyeuliza kama amepungua uzito. Uzito wenyewe tungeutoa wapi? Asubuhi umekula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama kisigino, ukavisukumia kwa uji wa karanga. Umetembea karibu kilomita nne kuja na utatembea nne kurudi. Jioni mama anataka maji, na baada ya maji kuna kombolela mpaka uitwe mara ya tatu, ile mara ambayo hata aliyejificha vizuri anajitokeza mwenyewe.

Tuliishi kwenye genge, kama zilivyoitwa nyumba chache za wafanyakazi wa reli zilizojengwa porini, mbali na stesheni. Baba alikuwa mkaguzi wa njia, na kazi ya mkaguzi wa njia ni kutembea. Kila alfajiri alitoka na nyundo ya mpini mrefu begani, akagonga chuma, akasikiliza, akakaza nati iliyolegea, akasonga mbele mpaka stesheni, kisha akageuka. Alifanya hivyo miaka yote niliyokuwa mtoto, masika na kiangazi. Sijawahi kumwona akikimbia, na sijawahi kumsikia akilalamika miguu. Nilimwona mtu mkubwa kuliko stesheni masta mwenye kofia yake.

Nilikuwa na miaka kumi nilipovunjika mguu. Tulikuwa tumekipanda kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, bila ruhusa, tukakisukuma kwenye mteremko. Wenzangu waliruka kwa wakati wake. Mimi niliruka nimechelewa. Nikafungwa hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia pajani, na lilipokatwa baada ya miezi, mguu uliotoka humo haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba na mweupe kwa magamba, na goti halikunjiki. Nililia kwa kuuona tu.

Mama alipiga hesabu yake kimya kimya, kisha akaitoa. Shule iko mbali, na mtoto wa mguu ule atafikaje? Heri niende Tabora mjini kwa shangazi, nikae naye barazani nijifunze kushona kofia, kazi ya kukaa. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilijua maana yake: shule ndiyo basi.

"Subiri kwanza," baba alimwambia. "Mpaka shule ifunguliwe mwaka mpya."

Kesho yake aliniamsha gizani. Aliniita mayo, yaani mama, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, Nyamizi.

"Mayo, shika fimbo. Twende kazini."

Nikamshika mkono, tukaenda pembeni mwa reli hadi nguzo ya kwanza ya simu. Hapo akasimama.

"Basi. Rudi nyumbani."

"Baba, bado naweza."

"Najua. Ndiyo maana nakurudisha."

Kutoka genge letu hadi shule nguzo zilikuwa sabini na mbili, alikuwa amezihesabu. Kesho mbili, keshokutwa tatu, na nguzo ya kwangu ikifika ninageuka hata kama miguu inawasha kwa hamu. Sheria hiyo aliirithi. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, mmoja wa wale waliotoka Unyanyembe na mzigo begani wakaenda hadi pwani na kurudi.

"Siku ya kwanza msafara hauendi mbali," baba alinieleza. "Watu wanalala pale ambapo bado wanamsikia jogoo wa kwao. Aliyesahau kitu anarudi kukichukua, mzigo uliokaa vibaya unafungwa upya, na bega linajua limeanza. Anayetaka kuonyesha nguvu siku ya kwanza, siku ya tano mzigo wake anabebewa."

Basi kila alfajiri tulifika kwenye nguzo yangu, yeye akaendelea, mimi nikabaki nimesimama nikimtazama akipungua kati ya vyuma viwili mpaka sauti ya nyundo inapotea. Nilichukia kubaki. Ndipo nikafanya lile kosa. Siku ya ishirini na tatu, baba akiwa amekwenda upande wa pili wa njia, watoto wa genge walipita wakaniona nimesimama kwenye nguzo yangu kama mbuzi aliyefungwa.

"Nyamizi, hapo ndiyo mwisho wa dunia?" mmoja akauliza, wakacheka.

Nikawafuata. Nilikwenda nguzo arobaini na moja nikiimba, na nikarudi mgongoni mwa mama mmoja aliyetoka kuuza karanga stesheni. Mguu ulivimba. Nililala siku sita, na nikiwa kitandani nilimwona mama akizikunja nguo zangu na kuzifunga kwenye kitenge.

Baba hakunichapa, na laiti angenichapa. Siku ya saba aliniamsha gizani. Nikauliza kama tunaendelea na ishirini na nne.

"Moja," akasema.

"Siku hazitatosha, baba."

"Zisipotosha utachelewa. Kuchelewa siyo kutofika."

Na kweli hazikutosha. Shule ilifunguliwa nikiwa nguzo ya hamsini na nane. Asubuhi ile kitenge kilikuwa mlangoni, kimefungwa, na treni ya Tabora ilikuwa inapita mchana. Baba alisema zimebaki siku kumi na nne. Mama akanigeukia mimi. Aliniambia nitembee kutoka jikoni hadi mlangoni, akanitazama miguu, akaniambia nirudie. Kisha akakichukua kile kitenge akakirudisha ndani.

"Nitamwambia wifi asubiri," akasema.

Shangazi anasubiri mpaka leo, Mungu amrehemu huko aliko. Nilifika shule siku ya sabini na mbili wenzangu wakiwa kwenye mchakamchaka, nikaingia mwisho wa mstari, nikazunguka shamba kwa mwendo wa kutembea huku wote wamenipita. Mwalimu wa zamu aliniacha nimalize. Baadaye na mimi nikawa mwalimu wa zamu, na nimestaafu nikiwa mwalimu.

Siku hizi naishi Ipuli, hapa Tabora, na jirani yangu ana binti mzuri, mchangamfu. Kila Januari anaanza mazoezi. Ananunua viatu vya rangi ya embe bivu, ana saa inayomhesabia hatua, na kabla hajatoa jasho ameshapiga picha. Mwaka huu alikimbia siku ya kwanza mpaka karibu atoke nje ya mji. Siku ya tatu nikamkuta ameketi kizingitini anajikanda mapaja.

"Shikamoo mwalimu. Mwenzio nimekufa."

"Marahaba. Hujafa, umebeba mzigo wa siku ya tano."

Hakunielewa, lakini nampenda kwa kuwa kila mwaka anajaribu tena. Enzi zetu hatukuwa na saa ya kutuhesabia, na aliyetuhesabia alikuwa na nyundo begani. Nguzo za simu zenyewe sizioni tena kando ya reli ya zamani. Nahesabu nguzo za umeme za mtaani, kila alfajiri, na tangu mguu ule upone sijaacha.

Baba anaishi nami. Ana umri wa kubebwa, lakini hakubali kubebwa. Mwaka juzi tulikwenda pamoja nguzo nane. Mwaka jana nne. Tangu masika haya ni moja, ile iliyo mbele ya lango, na anaifikia kwa fimbo, taratibu, bila kumwonea mtu wivu. Nilimwambia tujikaze tuongeze hata moja, kidogo kidogo, kama alivyonifanyia. Akacheka.

"Mayo, siku ya mwisho pia msafara hauendi mbali. Watu wanalala jirani na kwao, wanaoga, wanavaa vizuri, ndipo wanaingia."

Leo alfajiri tulifika kwenye nguzo yake, akaiegemea, akaniachia mkono.

"Nenda," akasema. "Mimi nimefika."

Nikaenda. Kwenye nguzo ya tano niligeuka, na alikuwa bado amesimama pale, ananitazama ninavyopungua.